Kamati ya Kulainisha Kifyatulio

Wizara ya Itifaki na Heshima inayo furaha kubwa kuwatangazia wananchi wote, wa mjini na wa vijijini, kwamba bunduki ya serikali sasa italia pale tu itakapotakiwa kulia. Mafanikio haya hayakudondoka kutoka angani. Yameletwa na kamati, kamati hiyo ilikuwa na katibu, na katibu huyo ni mimi.

Nitaeleza kwa utaratibu, maana mtaani yamesemwa mengi na watu ambao hawajawahi hata kuandaa ajenda.

Siku ya tukio wizara yetu ilikuwa inazindua ngazi za kupandia ghorofa ya kwanza. Ngazi zenyewe zilikuwa za siku nyingi na wafanyakazi wote walikuwa wakizipanda kila asubuhi, lakini Mkurugenzi wetu aligundua kwamba hazikuwahi kuzinduliwa, akaona ni hatari watu kuendelea kupanda kitu ambacho serikali haikitambui. Tukazifunga. Watu wa ghorofa ya kwanza wakafanyia kazi uani mpaka Waziri alipopata nafasi.

Itifaki ilikuwa nyepesi. Waziri asome hotuba. Mwisho wa hotuba atamke kwamba ngazi zimezinduliwa rasmi. Akishatamka, askari wa heshima afyatue risasi moja juu, ile ya sherehe, yenye baruti na kishindo bila kichwa cha kumdhuru mtu. Watu wapige makofi, wapande ngazi, washuke, wakale keki.

Askari wa heshima alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Wenzake wanamwita Mlingoti, kwa sababu ni mrefu na akisimama amesimama kweli. Inzi anaweza kutembea kutoka sikio moja hadi lingine naye asipepese macho. Kwa kazi ile hakukuwa na mwingine.

Waziri alisoma. Alikuwa bado hajafika hata kwenye ngazi zenyewe, yuko kwenye historia ya kupanda kwa ujumla, ndipo bunduki ikalia.

Sitaki kuongeza chumvi. Picha zilizotoka magazetini zinaonyesha meza yenye kitambaa cheupe, keki juu yake, na soli za viatu viwili zimetokeza chini ya kitambaa. Jioni hiyo mimi mwenyewe niliandika taarifa ya wizara, kwamba Mheshimiwa alikuwa akikagua ubora wa meza kutoka upande ambao viongozi wengi huusahau. Taarifa ilikuwa nzuri. Haikuaminiwa na mtu.

Kesho yake Mkurugenzi aliniita ofisini kwake. Ni mtu mfupi, nadhifu, mwenye sauti ya mtu anayesoma tangazo hata akiomba chumvi. Yeye ndiye anayeandika hotuba zote za Waziri, kwa mkono wake mwenyewe, na hamruhusu mtu kuzigusa hata kuzipiga pini.

"Katibu," akasema, "yule askari anasema nini?"

"Anasema triga ilijifyatua yenyewe, Mkurugenzi."

"Kwanza, wizara hii haina triga. Ina kifyatulio. Pili, kifyatulio hakina akili. Kidole ndicho chenye akili, na kidole ndicho kitakachoondoka kazini, pamoja na mtu aliyekibeba."

Hapo moyo ulinipasuka, na sababu yake niiseme wazi. Shemeji anaishi na familia yake katika nyumba ya serikali nyuma ya kambi. Akiondolewa kazini, anaondolewa na nyumbani. Na mimi ndiye ndugu pekee wa dada yangu aliye na sebule.

Niliporudi nyumbani nikamkuta dada tayari yupo. Alikuwa amepiga magoti kwenye zulia langu, futi kamba mkononi, anapima ukuta.

"Shikamoo dada. Unafanya nini?"

"Marahaba mdogo wangu. Kabati langu la vyombo litaingia hapa, ila hilo kochi lako itabidi litoke. Wasichana watalala chumba chako, wavulana hapa chini. Wewe una tatizo la kulala jikoni?"

"Dada, bado hajafukuzwa."

"Ndiyo maana napima mapema," akasema, akiandika kwenye kiganja. "Wifi yangu wa baadaye, kama yupo, mwambie asubiri kwanza."

Usinielewe vibaya. Nampenda sana dada yangu. Alinibeba mgongoni nikiwa mdogo na hajaacha kunikumbusha. Lakini nilitazama lile kochi, nikatazama futi kamba, nikajua kwamba taifa linahitaji kamati.

Asubuhi nilimwandikia Mkurugenzi pendekezo. Nilimweleza kwamba kumfukuza askari ni jambo la mara moja, lisilo na kikao wala chai, ilhali kulinganisha vilainishi na visafishaji vya silaha ni mchakato. Neno mchakato lilimwingia. Nikaona macho yake yanang'aa.

"Na mwenyekiti atakuwa nani?" akauliza.

"Nani mwingine, Mkurugenzi?"

Hivyo ikazaliwa Kamati ya Ulinganishi wa Vilainishi, Visafishaji na Utendaji wa Kifyatulio. Kwa kifupi, KAUVIVU. Fundi wa kuchora vibao alirudi mara mbili kuuliza kama tuna uhakika. Tukamwambia achore.

Mjumbe wa tatu alikuwa mtunza ghala la silaha, mama mmoja mnene, mtulivu, anayejulikana wizara nzima kwa jina la Mama Kufuli. Huyu alikuwa anafunga kila kitu: silaha, sukari, hata dirisha la ghala lisilo na kioo. Ndani ya ghala, katikati ya rafu za bunduki, alikuwa na cherehani yake anashonea watu sare za shule. Tulipomwambia kwamba bunduki ya uzinduzi imetuhumiwa, aliacha kushona, akavua miwani.

"Bunduki yangu ni safi," akasema.

"Imesafishwa lini?" Mkurugenzi akauliza.

"Haijachafuliwa, itasafishwa vipi? Inalia mara moja kwa mwaka."

Tulipopitisha tambara jeupe ndani ya mtutu, lilitoka jeusi kama sufuria ya harusi. Mama Kufuli alilitazama kwa muda, akasema hilo si uchafu, hilo ni kumbukumbu ya sherehe zilizopita.

Basi jioni hiyo, kabla kazi haijaanza, shemeji akanifuata nyumbani. Alikuwa amesimamishwa kazi akisubiri matokeo, na kusimamishwa hakukumkaa vizuri, kwa sababu mtu aliyezoea kusimama kwa amri hajui afanye nini akiambiwa akae. Akakaa ncha ya kochi.

"Shemeji," akasema, "nasikia mnachunguza mafuta."

"Tunafanya ulinganishi."

"Mafuta hayana kosa."

"Usiharakishe. Kamati haijakaa."

"Nililala, shemeji."

Nikafunga mlango, ingawa ulikuwa umefungwa.

"Ulilala vipi na ulikuwa umesimama? Nilikuona kwa macho yangu. Macho ulikuwa umeyafumbua."

"Ndivyo tunavyofundishwa. Waziri alianza vizuri tu. Halafu akasema 'kwa muktadha huo', nikasikia magoti yamekuwa ya moto. Nikaota nimefika nyumbani, dada yako ameandaa chakula, nikavuta kiti nikae." Akanionyesha kwa kidole jinsi alivyovuta kiti. "Kumbe si kiti."

Mtu mzima, askari, ananitazama kama mtoto aliyevunja glasi.

"Dada anajua?" nikauliza.

"Anajua. Ndiye aliyesema niseme triga."

"Basi endelea kusema triga," nikamwambia. "Na lile neno kulala usilitamke tena mpaka ustaafu."

Nataka ieleweke kwamba sikudanganya. Katibu hadanganyi, katibu anaweka mambo kwenye ajenda au hayaweki.

Kazi ya kamati ikaanza. Tuliifunga bunduki tupu kwenye meza ya ghala kwa kamba, mtutu ukitazama ukutani, na kifyatulio tukakitundikia ndoo. Wazo la ndoo lilikuwa langu. Unaongeza uzito polepole. Kifyatulio kikilegea na kutoa mlio wa tak, umejua kinahitaji nguvu kiasi gani. Mama Kufuli alitukataza kutumia maji kwa sababu maji na chuma haviivi chungu kimoja. Mawe hayakuwa na kibali cha kuingia ghalani. Tukabaki na kitu ambacho wizara inacho kwa wingi, yaani mafaili ya mambo yanayosubiri uamuzi.

Kipimo chetu rasmi kikawa faili. Bunduki kavu, kama ilivyokuwa siku ya tukio, ilikaa kimya tulipoweka faili la paa linalovuja, ikakaa kimya kwa faili la maombi ya likizo, ikavumilia malalamiko ya vyoo, na ikaja kusema tak tulipoongeza faili la nane, la fidia ya bustani, ambalo lina juzuu ndani yake.

"Mafaili manane," Mkurugenzi akatangaza. "Kifyatulio ni kigumu."

Nikaandika kwa furaha: kigumu. Nilidhani nimeshinda. Jioni nikampa shemeji habari njema, naye akakuna kichwa.

"Lakini shemeji, kama triga ilikuwa ngumu hivyo, ingejifyatuaje?"

"Hilo ni swali la kitaalamu," nikamwambia. "Usije ukaliuliza mbele ya watu."

Tukaingia kwenye vilainishi. Kwanza tulijaribu grisi ya magari, tuliyoazima kwa dereva. Ilipakwa, tukasubiri, tukatundika. Kifyatulio kilitembea kama karani aliyeitwa wakati wa chai: kinakuja, lakini kinakuja kwa muda wake. Kufikia kesho yake ile grisi ilikuwa imekusanya vumbi lote la ghala na nyuzi za sare za shule, bunduki ikaonekana ina manyoya. Tukaiondoa grisi kwenye mashindano.

Mafuta ya nazi yalipendekezwa na Mkurugenzi, kwa moyo wa kuthamini cha kwetu. Siku ya kwanza yalifanya vizuri ajabu, mafaili manne tu. Siku ya pili tulikuta msururu wa sisimizi umetoka chini ya mlango, umepanda mguu wa meza na kuingia ndani ya silaha ya serikali. Mama Kufuli aliwafungia humo humo, kwa mazoea.

Mafuta ya cherehani yaliletwa na Mama Kufuli mwenyewe. Ni mepesi, hayana harufu, yanaingia kwenye kila pembe. Mafaili matatu. Alitetea sana mafuta hayo, akasema yeye huyatumia kila siku. Mkurugenzi akauliza huyatumia kwa bunduki ipi. Mama Kufuli akaitazama cherehani yake, akasema suala hilo halimo kwenye ajenda, na kwa kweli halikuwemo.

Mwisho Mkurugenzi alitoa mfukoni kichupa kidogo cha mafuta, chenye kifuniko cha dhahabu. Alikipata kama zawadi kwenye mkutano nje ya nchi. Alikuwa ameshakitumia kwenye bawaba za mlango wake, kwenye kiti chake cha kuzunguka, na nadhani kwenye nywele, kwa sababu harufu ilifanana. Tukayapaka. Tukatundika. Mafaili matatu.

"Sawasawa na ya cherehani," nikasema.

"Angalia vizuri," akasema Mkurugenzi.

Nikaangalia. Matatu.

"Moja ni faili la siri," akasema. "Mambo ya siri hayahesabiwi hadharani."

Tukaandika mafaili mawili.

Upande wa visafishaji kulikuwa na ubishi zaidi. Maji ya sabuni yaliondoa masizi na kuleta kutu kufikia Jumatatu. Kisafishaji cha vioo chenye harufu ya limau kiliifanya bunduki inukie vizuri mpaka wageni wakawa wanauliza ni ya nani, lakini masizi yalibaki palepale, yananukia limau. Mafuta ya taa ndiyo yaliyofanya kazi. Yalikwangua baruti ya miaka yote, mtutu ukang'aa, na kutoka kwenye mtambo wa kifyatulio likadondoka vumbi jeusi, kifungo cha shati na sisimizi mmoja mzee. Lakini chuma kikiachwa hivyo hivyo bila kilainishi, kinakuwa kikavu na kuanza kukwaruza. Ukweli wenyewe ni mdogo: safisha kwanza, kausha, halafu paka mafuta kidogo. Kamati iliufikia ukweli huo baada ya vikao vya miezi miwili, na nadhani ni haki kusema usingefikiwa mapema zaidi bila vitafunio.

Tulipounganisha mafuta ya taa na kile kichupa cha dhahabu, kifyatulio kikalegea kwa faili moja, tena jipya, ambalo halikuwa na karatasi hata moja ndani.

Mkurugenzi alisimama. Alikuwa ameguswa.

"Sasa hiki," akasema kwa sauti ya chini, "ndicho kifyatulio cha taifa linalojiheshimu." Kisha akanigeukia. "Na matokeo yanatuambia nini kuhusu askari wako?"

Nikaanza kueleza kwamba ugumu wa awali ulileta msongo ndani ya chuma, na msongo huo ukaja kujitoa ghafla.

"Kitu kinachohitaji mafaili manane hakijifyatui," akanikatiza. "Kimevutwa. Katibu, umenifanyia kazi nzuri sana. Sikuwa na ushahidi, sasa ninao."

Nilikuwa nimeunda kamati ya kumwokoa shemeji, na kamati imemkaanga.

Maonyesho ya matokeo yalipangwa kufanyika uani, chini ya hema, mara baada ya chakula cha mchana. Waziri angesoma hotuba kuhusu vilainishi. Akimaliza, risasi moja ingelia kwa wakati. Halafu Mkurugenzi angetangaza kwamba askari aliyehusika ameondolewa kazini.

"Nani atashika bunduki?" nikauliza, nikiwa bado na tumaini dogo.

"Nitaishika mwenyewe," akasema Mkurugenzi. "Wananchi waone kidole chenye nidhamu."

Usiku wa kuamkia siku hiyo dada alituma kabati. Lilikuja kwa mkokoteni. Kochi likatoka.

Siku ya maonyesho jua lilikuwa kali, hema lilikuwa la moto, na watu walikuwa wameshiba. Waandishi wa habari walikaa upande mmoja, wakubwa upande mwingine. Dada alikaa safu ya nyuma kabisa, amevaa vizuri kama mtu aliyekuja msibani kwake mwenyewe. Shemeji alisimama karibu nami bila kofia, mikono nyuma. Mbele, kando ya meza ya Waziri, alisimama Mkurugenzi ameshika bunduki, mtutu juu, kidole kimekaa mahali pake. Mama Kufuli alikuwa ameweka risasi ya sherehe kwa mkono wake na kumwambia taratibu, "Mkurugenzi, kidole kikae nje mpaka wakati ufike. Hiyo sasa hivi hata ukiipigia chafya inaitika."

"Mama, mimi ni mwenyekiti," akamjibu.

Waziri alivaa miwani, akaanza kusoma. Ni mtu mkubwa, mwenye uso wa upole, anayesoma kwa sauti ile ile kutoka mwanzo hadi mwisho, kama mvua isiyo na haraka. Alisalimia wageni wote kwa vyeo vyao. Akaingia kwenye asili ya mafuta. Akafafanua dhana ya utelezi kwa mapana yake, kisha dhana ya utelezi kwa ufinyu wake.

"Kwa muktadha huo," akasema Waziri, "na kwa kuzingatia mtazamo huo mpana unaojikita katika misingi ya ..."

Nilimtazama shemeji. Alikuwa amejibana paja kwa kucha, machozi yanamtoka. Nikawatazama waandishi wa habari. Mmoja alikuwa ameegemea kamera yake kama mto. Kisha nikamtazama Mkurugenzi. Alikuwa amesimama wima, uso mtulivu, tabasamu dogo, akiyasikiliza maneno yake mwenyewe. Tabasamu likabaki. Kidevu ndicho kilichoanza kushuka.

Bunduki ikalia.

Kishindo kiliinua vumbi kwenye turubai. Wakubwa walilala chini kwa kufuata ngazi za vyeo vyao. Viti vilianguka, dada akapiga kelele moja fupi. Na Mkurugenzi, macho bado yamefumba, akasema kwa sauti ya upole ambayo hatukuwahi kuisikia pale wizarani, "Weka hapo mezani, mama watoto, nakuja."

Jambo la ajabu ni kwamba Waziri hakushtuka. Aliendelea kusoma mstari mmoja na nusu zaidi, kisha akakoma, akainua kichwa.

"Imelia?" akauliza.

"Imelia, Mheshimiwa," nikasema, nikiwa chini.

Akavua miwani. "Mkurugenzi. Nilikuwa nimeshatamka?"

Mkurugenzi alikuwa ameamka sasa, anaitazama bunduki kama vile amepewa mtoto wa mtu. "Mheshimiwa," akasema, "triga imejifyatua yenyewe."

Hakuna aliyecheka. Wote tulikuwa watumishi wa umma.

Waziri akatazama huku na huku mpaka akamwona shemeji, ambaye kwa urefu wake haikuwa kazi. "Wewe si ndiye uliyeishika mara ile ya kwanza?"

"Ndiye mimi, Mheshimiwa."

"Njoo hapa mbele. Inajifyatua?"

Shemeji akatembea mpaka mbele. Mimi nilikuwa nampigia ishara zote ninazozijua. Mkurugenzi alikuwa anamwomba kwa macho, mtu ambaye saa moja iliyopita alikuwa na tangazo la kumfukuza mfukoni. Neno moja tu lilihitajika, ndiyo, na wote wawili wangepona, na kochi langu lingerudi ndani.

"Hapana, Mheshimiwa," akasema shemeji. "Triga ni nzima. Siku ile nililala."

Safu ya nyuma dada alijifunika uso kwa khanga. Waziri akamsogelea shemeji.

"Ulilala nikisema nini?"

"Ulikuwa umesema 'kwa muktadha huo', Mheshimiwa."

Waziri akaanza kufunua kurasa. "Ipi? Naziona nyingi."

"Ile ya kwanza kabisa."

"Na wewe, Mkurugenzi?"

"Mimi sikulala, Mheshimiwa. Nilikuwa natafakari."

"Ulikuwa unatafakari chakula?"

Waziri aliketi, na kiti kililalamika chini yake. Alipoongea tena hakuwa anasoma, na sauti yake ilikuwa tofauti kabisa, sauti ya mtu anayezungumza na jirani ukutani.

"Ngoja niwaambie kitu," akasema. "Hapo hapo kwenye muktadha, na mimi huwa napitiwa. Nimezoea tu kusoma nikiwa usingizini. Mke wangu amenipeleka kwa madaktari watatu. Nimepimwa sukari, nimepimwa moyo, nimebadilishiwa miwani. Dawa nimezinywa mpaka ulimi umeota ukungu. Nilidhani nina ugonjwa." Aliipima ile hotuba mkononi. "Kumbe naandikiwa."

Hapo ndipo mtu wa kwanza akacheka, na mtu huyo alikuwa Mama Kufuli. Kicheko chake kilianzia tumboni na hakikuwa na kufuli. Kikaenda kwa waandishi, kikaja kwa wakubwa waliokuwa bado wanajipangusa vumbi, mpaka Waziri mwenyewe akawa anajifuta macho kwa ukurasa wa utangulizi.

Uamuzi ulitoka palepale, bila kikao, jambo lililonisikitisha kitaaluma. Shemeji alirudishiwa kofia yake. Mafuta ya taa na mafuta ya cherehani yakawa rasmi. Kichupa cha dhahabu Waziri alikichukua mwenyewe, akasema kiti chake kina kelele. Na hotuba za wizara zikapewa ukomo: zisizidi muda ambao askari anaweza kusimama na bunduki yenye kifyatulio kizuri. Tangu hapo Waziri husema, "Karibuni, kitu chenyewe ndicho hiki, asanteni," bunduki inalia, na watu wanakula keki ikiwa bado haijakauka. Amekuwa kiongozi anayependwa sana.

Dada alifuata kabati lake wiki ileile. Lilipotoka mlangoni alinishika bega, akasema, "Mdogo wangu, umetusaidia." Nikamwambia sikufanya chochote. Akasema, "Najua, lakini ulihangaika." Kochi lilinyeshewa mvua huko nje na sasa lina harufu, ila nalikalia.

Mkurugenzi hakufukuzwa, na hili nataka liandikwe vizuri. Alipandishwa. Hospitali kuu ilikuwa na wodi ya watu waliopoteza usingizi, watu ambao vidonge vimewashinda, na daktari mkuu alikuwa mmoja wa waliokuwa chini ya lile hema. Aliomba apewe Mkurugenzi, pamoja na hotuba zake zote. Sasa ana cheo cha Mkurugenzi Mkuu wa Utulivu, ana jukwaa dogo katikati ya vitanda, na kila mchana baada ya chakula anasoma.

Nilikwenda kumtembelea. Nilimkuta ana afya, ana furaha, amefunga tai mpya. Akanivuta pembeni, tukanong'ona, kwa sababu nesi alitutazama akijiwekea kidole mdomoni.

"Katibu," akasema, "wizarani nilipoteza muda wangu. Hadhira kama hii sijawahi kuipata. Hawanong'oni, hawatoki nje, hawaangalii saa. Wengine wanafumba kabisa macho ili neno lisiwapite."

Alisema daktari mkuu amemwomba aandike hotuba nyingine, ndefu zaidi, kwa ajili ya wale wagonjwa sugu, na kwa kuwa mimi ni katibu mzoefu, angependa niipitie na kutoa maoni. Akanikabidhi mzigo wa karatasi uliofungwa kwa utepe. Nimekuwa nikiipitia kila siku tangu wakati huo. Ukurasa wa kwanza ni mzuri sana. Ule wa pili sijawahi kuufikia.